Makofi ya Hoteli ya Utulivu

Nchi yetu ina amani. Nalisema hilo mwanzoni kabisa ili mtu asije akanikatiza nitakapofika katikati. Ina amani, ina bendera ya rangi saba, na ina Bustani ya Raha ya Taifa, ambayo ni kubwa kuliko wilaya mbili na ina hoteli yake, Hoteli ya Utulivu, yenye vyumba mia nne na bomba moja la maji ya moto. Kila mtumishi wa umma aliyestaafu bila kuonywa kwa barua hupewa siku tatu za kupumzika hapo, yeye na mwenzi wake. Mimi nilistaafu posta baada ya miaka thelathini na minane, na sikuwahi kupata barua ya onyo, ingawa nilibeba nyingi za wengine.

Mke wangu anaitwa Sikudhani. Alizaliwa Mkole, kijiji kilichoko ng'ambo ya mto, mwendo mfupi tu kutoka hapo ilipo bustani. Mpaka ulifungwa kwa muda miaka thelathini na mitatu iliyopita ili upakwe rangi, na rangi bado haijakauka. Ukajengwa ukuta kando ya mto ili watu wasiiguse. Tangu siku hiyo Sikudhani hajamwona mama yake wala dada zake. Redio ya Taifa hutuhakikishia kila Jumatatu kwamba ng'ambo hakuna mtu tena: walikufa kwa kukosa uongozi bora, na vijiji vyao vimeota nyasi. Mimi naiamini Redio ya Taifa. Sikudhani huizima.

Mwaka huu daktari alimwambia kwamba ana presha ya macho, na kwamba mwanga uliobaki hautafika mwisho wa mvua za vuli. Tayari alikuwa anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo: kilicho mbele anakiona, cha pembeni hakipo. Hakulia. Tulipotoka hospitali aliniuliza, "Baba Hamisa, lile gurudumu la bustani linafika juu ya ukuta?"

"Linafika. Linaupita mara tatu."

"Basi nipeleke nikachungulie kwetu, kabla tundu halijazibwa."

Gurudumu la Taifa ni ile bembea kubwa ya chuma yenye vibanda vya kukalia abiria. Huzunguka Jumamosi tu, saa nne asubuhi, kwa kuwa siku nyingine umeme wake hutumika kumulika picha ya Rais. Abiria wanapofika juu huombwa kutazama upande wa mji mkuu. Tulifika hotelini Alhamisi jioni, na gari letu la rangi ya maziwa, ambalo lina umri wa kuoa, nikaliweka chini ya mti wa mwashoki mbele ya mlango. Tukavishwa bangili za karatasi za kijani. Bangili ya kijani ilimruhusu mtu kupanda chochote.

Sasa lazima nieleze jambo la makofi, kwa faida ya msomaji mgeni.

Kwetu kiongozi akisema, watu hupiga makofi. Hatungoji amalize, maana kungoja huonekana kama kufikiri. Na kwa kuwa Serikali yetu ni sikivu, imetunga Sheria ya Makofi: jambo lolote likipigiwa makofi kwa nusu dakika linakuwa limeombwa na wananchi wenyewe. Ndiyo sababu kila ofisi ina Mpima Makofi. Yule wa hotelini alikuwa bwana mkimya aliyevaa saa mbili, moja kila mkono, na aliyebeba kitabu kirefu chenye safu.

Ijumaa asubuhi tulikuwa kwenye chai. Alisimama Mkurugenzi wa Burudani na Maegesho, Bwana Festo Lugwisha, mtu mnene mwenye sauti ya ndani ya pipa.

"Ndugu wageni!" alisema. "Serikali yenu haikulala!"

Tukapiga makofi.

"Kwa muda mrefu magari yenu yamesimama hapa nje kama yatima! Nani aliyajali? Nani aliyauliza yameamkaje? Ndugu wageni, Serikali imeamua kuyathamini! Kuanzia asubuhi hii, kila gari litathaminiwa, kila saa, usiku na mchana!"

Ukumbi ulilipuka. Wanawake walipiga vigelegele. Hakimu mmoja mstaafu alipanda juu ya kiti. Mimi mwenyewe nilipiga makofi mpaka miwani ikateleza. Tulipochoka, Mkurugenzi akatoa karatasi ya pili na kusoma kwa sauti ndogo, haraka haraka, kiasi ambacho gari litathaminiwa. Nilipolinganisha na bei za soko letu, niliona ni kuku mmoja mwenye afya kwa kila saa.

"Dakika mbili na sekunde kumi," alisema Mpima Makofi.

"Ombi lenu limekubaliwa," alisema Mkurugenzi.

Mezani kwetu alikaa Mama Nyamizi, mjane wa mtu wa reli na muuza mitumba, aliyekuja kutumia siku tatu za marehemu, na mawifi watano mahali pa mwenzi, katika gari la watu wanne. Alikuwa na andazi mdomoni.

"Ombi la nani?" aliuliza.

"Lenu, mama."

"Mimi niliomba sukari tu."

"Umepiga vigelegele vitatu, mama. Nimekuona. Kigelegele kimoja kinahesabiwa mara mbili."

Kabla hatujamaliza chai, wahudumu walipita kila meza wakakata bangili za kijani na kutuvisha nyekundu. Nyekundu ni ya mtu anayedaiwa maegesho. Mwenye nyekundu haruhusiwi kupanda chochote, wala kutoka langoni. Nje ya lango, hata hivyo, barabara nzima ilikuwa imechorwa mistari mipya na kubandikwa kibao: Maegesho ya Nje.

Tulikimbilia magari. Ni Mama Nyamizi aliyepata akili kwanza.

"Wamesema kuegesha!" alipiga kelele akiwa amesimama juu ya bampa. "Gari linalotembea limeegeshwa wapi? Washeni, jamani! Msisimame!"

Basi magari themanini yakaanza kuizunguka chemchemi ya hoteli, ile isiyo na maji. Tulipokezana usukani bila kusimama. Vikombe vilipitishwa madirishani. Hakimu alikunywa uji wote katika gia ya kwanza. Lilikuwa jambo la nidhamu na la kupendeza, na kwa muda wa saa tatu tulijiona watu wenye akili nyingi kuliko Serikali, jambo ambalo najua ni kosa.

"Tumezunguka mara ngapi?" aliuliza Sikudhani.

"Arobaini na kitu."

"Basi gurudumu nimeshalipanda, Baba Hamisa. Bado kwenda juu tu."

Nilicheka, lakini nilikuwa natazama mshale wa mafuta.

Gari la kwanza lilizimika saa sita. Waliokuwa nyuma yake walipiga honi, na waliokuwa nyuma yao wakapiga honi, kama watu wanavyofanya duniani kote. Hatukumwona Mpima Makofi. Alikuwa roshanini, na saa zake zote mbili.

Mkurugenzi alijitokeza na kipaza sauti. "Ndugu wageni, Serikali imeguswa sana na msafara wenu wa kuunga mkono! Honi za dakika kumi na moja! Na honi inahesabiwa mara tatu! Mmeomba ada ipande, nayo imepanda."

Kuku akawa mbuzi. Moja baada ya jingine, magari yetu yakafa pale yalipokuwa, yakajiegesha yenyewe.

Nilikwenda kupanga foleni kwenye dirisha la malipo. Foleni ilikuwa ndefu, na ada ilikuwa inaendelea kupanda juu ya gari la mtu aliyekuwa amesimama kuilipa. Nilipofika mbele, nilitoa kila nilichokuwa nacho. Binti wa dirishani alikitazama kwa huruma.

"Haitoshi, mzee wangu. Na wakati tunaongea inazidi kutotosha."

"Basi chukueni gari lenyewe."

"Utaliacha hapa?"

"Ndiyo. Kabisa."

"Kuliacha ndiko kuegesha, mzee. Tena bila mwisho. Hiyo ina ada ya kudumu, jaza fomu ya bluu."

"Sikiliza, mwanangu. Mke wangu hana gari. Hajawahi kuwa na gari. Kwa nini bangili yake yeye ni nyekundu?"

"Alikuja na nani?"

"Na mimi."

"Ndani ya nini?"

Nilisogeza uso karibu na dirisha. Halafu nikamweleza habari ya macho, na Mkole, na gurudumu la kesho saa nne. Alisikiliza yote. Akaandika kitu kwenye daftari, akanipa pole, akamwita aliyefuata.

Nilisoma shule ya jioni nikiwa mtu mzima, mwalimu akiwa mdogo kwangu kwa miaka kumi na mmoja, na somo nililolipata vizuri kuliko yote lilikuwa ni hili: soma mpaka mwisho. Pale mapokezi kulikuwa na kitabu cha Kanuni za Bustani, kimefungwa kwa mnyororo ili kisiibwe na msomaji. Nilikaa nacho alasiri nzima. Kurasa mbili zilikuwa zimeshikana. Nilizitenganisha kwa kisu cha siagi, na ndani yake nikakuta kipengele cha kumi na nne: Tamko lolote litakalopokewa kwa ukimya wa dakika moja kamili litahesabiwa kuwa halikutamkwa, pamoja na matamko yote yaliyotolewa hotelini wiki hiyo.

Nilimwonyesha Mama Nyamizi. Hakujua kusoma maandishi madogo, nikamsomea mara mbili.

"Dakika moja tu?"

"Moja kamili."

"Bila mtu kupiga hata kofi moja?"

"Hata moja."

Alishika kiuno. "Mzee, umetuletea dawa, lakini kuimeza itakuwa kazi."

Kesho yake Naibu Waziri wa Furaha angekuja kuwasha gurudumu, na angehutubia. Tulikuwa na jioni moja ya mazoezi. Tulikusanyika ukumbini, wageni mia tatu na zaidi, na Hakimu akajitolea kuwa Naibu Waziri. Alisema, "Ndugu wananchi," nasi tukapiga makofi. Tukaanza upya. Alisema "maendeleo," makofi. Mara ya tatu tulikuwa tumefika sekunde ishirini, wakati mhudumu alipofungua mlango na kusema chai ipo tayari. Tukampigia makofi na yeye.

"Kalieni mikono!" Mama Nyamizi alifoka. "Kila mtu akalie mikono yake! Wewe Hakimu, huo mmoja unaupeleka wapi?"

"Mama, nimepiga makofi tangu ujana wangu," alisema Hakimu karibu kulia. "Mikono hainisikii."

"Itakusikia ikifa ganzi. Kalia!"

Mara ya tisa tulimaliza dakika. Sitasahau dakika ile. Ukumbi ulikuwa kimya mpaka tukasikia maji yakidondoka jikoni. Watu walitazamana kwa aibu na furaha, kama watu waliokutana uchi mtoni. Sikudhani alinong'ona, "Kesho nitaona kwetu," na mimi nikamwambia ndiyo.

Jumamosi asubuhi ukungu ulikuwa umeshuka juu ya mto. Naibu Waziri, Mheshimiwa Daktari Daktari Petro Malekano, ambaye ana udaktari wa aina mbili na hatibu mtu, alisimama jukwaani chini ya gurudumu. Alihutubia kwa robo saa. Alisema furaha ni haki ya kila raia aliyelipia. Alisema maegesho ndiyo uti wa mgongo wa burudani. Tulikalia mikono. Alipomaliza, alifungua mikono yake kuyapokea makofi, na hayakuja.

Mpima Makofi akatazama saa ya kushoto, kisha ya kulia.

Sekunde kumi. Naibu Waziri aligonga kipaza sauti akidhani kimekufa. "Nimesema, maendeleo!"

Sekunde ishirini. "Rais anawasalimu!" Hapo palikuwa pagumu. Nilimwona Hakimu ameng'ata kofia yake.

Sekunde thelathini. "Soda bure kwa wote!" Wifi mmoja wa Mama Nyamizi alitikisika, lakini Mama Nyamizi alimkalia.

Sekunde arobaini. Jasho lilikuwa linamtoka Naibu Waziri. Mkurugenzi Lugwisha alipanda jukwaani na daftari la binti wa dirishani, akamwonyesha mstari mmoja kwa kidole. Naibu Waziri akasoma, akainua macho, akatutafuta.

"Na yule mama pale," alisema kwa sauti nyororo, "mwenye kanga ya zambarau, ambaye macho yake yanatuaga. Kwa uwezo niliopewa, namruhusu yeye awe wa kwanza kupanda gurudumu. Sasa hivi. Bangili yake isiulizwe."

Nilipiga makofi.

Sitasingizia mikono. Nilijua zimebaki sekunde chache, na nilijua kipengele cha kumi na nne kwa moyo. Lakini nilijua pia kwamba huyu aliyesimama mbele yangu amesema sasa hivi, na kwamba katika nchi yetu neno hilo halisemwi mara mbili. Nilipiga, peke yangu, na sauti yake ilikuwa kubwa sana. Halafu Hakimu akapiga, kwa mazoea. Halafu wote. Mama Nyamizi alikuwa wa mwisho. Alipiga huku analia, huku ananitazama.

"Sekunde hamsini na tatu za ukimya," alisema Mpima Makofi. "Dakika nne za makofi."

Mbuzi akawa ng'ombe.

Sikudhani alisimama na kujifunga kanga yake. "Baba Hamisa, ni wewe ulianza?"

"Ni mimi."

"Mh." Alininyooshea kiganja. "Nishike mkono hadi ngazini."

Alipanda peke yake, kwa sababu mimi sikutajwa katika tamko. Kibanda kilipaa polepole, kikaupita ukuta, kikafika juu kabisa na kusimama, kama kinavyosimamishwa siku zote ili abiria atazame mji mkuu. Sikudhani akageukia upande wa mto.

"Ukungu!" alipaza sauti. "Sioni kitu! Ngojeni!"

Mkurugenzi alikuwa tayari amesimama kando yangu. "Mzee, kibanda kilichosimama ni kibanda kilichoegeshwa. Maegesho ya angani hutozwa kwa dakika. Tumshushe?"

"Hajaona kitu!"

"Basi unalipa?"

Zile fedha zangu zilizokataliwa dirishani zilinunua dakika tatu. Zilipita kama kupepesa. Ukungu ulibaki palepale. Nilijipapasa mifukoni, nikajipapasa tena, nikaanza kuvua koti. Mkurugenzi akainua mkono kumpa fundi ishara ya kushusha.

"We!" Alikuwa Mama Nyamizi. Alifungua fundo la kanga yake, akahesabu noti kwenye kiganja cha Mkurugenzi. "Za dakika mbili hizo. Usimguse." Kisha akanigeukia. "Na wewe usidhani nimekusamehe. Kesho nitakutukana vizuri, leo nina haraka."

"Mama, hizo ni za kukusaidia kutoka..."

"Kutoka kwenda wapi? Kwa ng'ombe kila saa? Gari halina mafuta, mimi sina ng'ombe. Nyamaza, mwache mwenzio atazame."

Akaja Hakimu, akalipa dakika moja bila kunitazama. Wakaja mawifi, wamechanga. Wakaja watu nisiowajua majina, wengine wamekasirika bado, mmoja akanipiga kikumbo makusudi kabla ya kulipa. Fedha ambazo hazikutosha kumtoa mtu langoni zilitosha kununua dakika. Mpima Makofi aliziandika zote. Kule juu kanga ya zambarau haikutikisika, na nilianza kuhesabu watu waliobaki kwenye foleni. Walikuwa sita. Kisha wanne. Kisha alibaki mzee mmoja mstaafu wa idara ya misitu, na sarafu mkononi.

"Moshi!" Sikudhani aliita.

"Moshi wa nini?" niliuliza kwa nguvu zangu zote.

"Wa jikoni! Ukungu unapasuka! Wanapika! Baba Hamisa, wanapika!"

Naibu Waziri alikuwa anakunywa soda, akaacha.

"Naona paa! Paa mbili, tatu, lile la nne ni bati jipya! Kuna nguo zimeanikwa! Kuna mbuzi juu ya ukuta wa mtu, mnene!"

"Mshusheni!" alisema Naibu Waziri. "Redio ilishasema kule hakuna mtu! Mama huyu anaona vibaya, ni mgonjwa wa macho!"

"Zima!" Mkurugenzi alimpigia fundi kelele. "Zima kila kitu! Zima!"

Fundi, mtu mtiifu, akazima. Taa zikafa, muziki ukakatika, na gurudumu, kwa kuwa halikuwa na umeme tena, likabaki lilivyo, na kibanda cha Sikudhani kikiwa juu kabisa. Wakubwa walimsukuma fundi, wakasukumana wenyewe, wakapigia simu mji mkuu kuomba umeme, uliokuwa umeshakwenda kwenye picha ya Rais, urudishwe.

Sisi tulikuwa tumesimama chini, vichwa nyuma, tunasikiliza. Alituhesabia nyumba moja moja. Kisima kimehamishwa. Njia ya kwenda shambani imekuwa pana. Nyumba ya mama yake haipo, lakini mahali pake kuna nyingine, na mbele yake watu wameketi wanachambua kitu, labda mchicha.

"Kuna mwanamke amesimama," alisema. "Ameweka mkono juu ya macho. Anatazama huku. Anawaita wenzake." Akainuka kibandani. "Wanatutazama kama watu walioambiwa kwamba tulikufa."

Alivua kanga ya mabegani akaanza kuipunga. Mama Nyamizi akainua mikono yote miwili na kupunga. Hakimu akavua kofia. Mzee wa misitu akapunga na sarafu yake mkononi, na mimi nikapunga, na watu mia tatu wenye bangili nyekundu wakapunga, nyuma ya ukuta, mahali ambapo hakuna mtu wa ng'ambo aliyeweza kutuona.